Ufukweni Kwanza, Kisha Chomboni: Mazungumzo Kuhusu Anayeanza Kuzamia kwa Mtungi Kisiwani Mafia



Kupiga mbizi si jambo geni Mafia. Mtoto wa Jibondo huanza kumfuata pweza katika mapango ya mwamba akiwa bado shule ya msingi, na mzee wa Chole aliyekwisha kuacha uvuvi bado hushuka kuikwamua nanga iliyonasa. Kwa hiyo kijana wa hapa anapoamua kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, iwe kwa nia ya kuongoza wageni, kusaidia watafiti wa matumbawe au kujifurahisha tu, jamaa zake aghalabu humwambia kwamba hana jipya la kujifunza. Apande boti, husema, apelekwe moja kwa moja hadi mlango wa Kinasi, ashuke kilindini pamoja na wageni.

Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi, lakini una hatari ndani yake. Mazungumzo haya yanaeleza kwa nini anayeanza, hata akiwa mwana wa bahari, hana budi kuanzia ufukweni na kuiachia boti hatua ya pili.

Jambo la kwanza la kufahamika ni pumzi. Mpiga mbizi wa asili hujaza mapafu yake juu ya maji, akaziba, akashuka. Kadiri anavyoshuka, hewa ile hubanwa na uzito wa maji. Kadiri anavyopanda, hutanuka tena hadi kufikia kiasi kilekile alichoanza nacho. Kushikilia pumzi ndiyo akiba yake, na tangu utotoni amefunzwa asiiachie.

Anayezamia kwa mtungi yuko katika hali tofauti kabisa. Katika kina cha mita 10 shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu ya maji, na mtungi humpa hewa iliyobanwa kulingana na shinikizo hilo. Akijaza mapafu pale chini, akaziba pumzi na kupanda, hewa hiyo itataka nafasi mara mbili ya ile iliyokuwa nayo, na mapafu hayana nafasi hiyo. Yaweza kupasuka, na hewa ikaingia katika damu na kufika kwenye ubongo. Tena mabadiliko makubwa zaidi hutokea katika zile mita 10 za mwisho kabla ya kufika juu. Hata kupanda kwa mita moja na nusu tu huku mtu ameziba pumzi kumewahi kudhuru watu. Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza inayofundishwa duniani kote ni kupumua mfululizo na kutoziba pumzi kamwe.

Hapo ndipo ilipo taabu ya kijana wa pwani. Mgeni aliyekulia mbali na bahari hana mazoea ya kuacha. Kijana wa Mafia anayo, nayo yamemkaa mwilini kama kutembea. Siku atakapotishwa na kitu majini, mwili wake utafanya ulichofunzwa zamani: utaziba pumzi na kukimbilia juu. Mazoea ya namna hiyo hayaondolewi kwa maneno. Huondolewa kwa kurudia zoezi mara nyingi mahali ambapo kosa likitokea mwanafunzi anaweza kusimama kwa miguu yake.

Mahali hapo ni ufukweni. Katika maji ya kiuno hadi kifua mwanafunzi hupiga magoti mchangani, akatoa kinywa cha kupumulia na kukirudisha, akajaza miwani maji na kuyatoa kwa pumzi ya pua, akajifunza kumpa mwenzake hewa. Akishikwa na hofu, husimama. Hakuna mwendo wa chombo, hakuna moshi wa injini, wala hakuna macho ya wageni waliolipa na wanaosubiri. Anaweza kutoka, akapumzika mchangani, akarudi. Mwalimu naye huona mapema nani bado anaziba pumzi. Taasisi zinazotoa vyeti vya kimataifa huweka mazoezi haya ya maji mafupi kabla ya mwanafunzi kuruhusiwa kushuka katika bahari ya wazi, na hata akihitimu ngazi ya kwanza, kikomo chake ni mita 18.

Hata hivyo ufukwe nao una masharti yake, na katika visiwa vyetu sharti kuu ni maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo yaweza kupita mita 3. Ufuo wa Utende, ambao asubuhi ulikuwa bahari, hubaki uwanda wa mchanga na majani ya bahari. Mwanafunzi aliyevaa mtungi, mkanda wa uzito na vifaa vingine hubeba zaidi ya kilo 20. Akitoka wakati maji yamekwisha kupwa, atatembea na mzigo huo juu ya matope na mawe makali, akiwa amechoka. Katika mchanga huohuo taa hujifukia, ndiyo maana wenyeji huburuta miguu badala ya kuinyanyua ili samaki huyo asikie na kuondoka.

Wakati mwema wa somo la ufukweni, basi, ni siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu. Siku hizo maji hayapandi sana wala hayashuki sana, na mkondo ni mpole. Zaidi ya hayo, katika pwani ya Tanzania maji ya bamvua hujaa kwa kawaida karibu na saa 10 alfajiri na jioni, na kupwa karibu na saa 4 asubuhi. Katika maji mafu mambo hugeuka: kujaa huja katikati ya asubuhi, mwanga ukiwa mzuri na upepo mara nyingi haujapata nguvu. Mwalimu anayeijua kalenda ya mwezi atapanga somo lianze kama saa moja kabla ya maji kujaa, limalizike kabla hayajaanza kukimbia.

Mpango huo una faida nyingine inayowahusu wakazi wote. Asubuhi za bamvua, mwamba unapokuwa wazi, ndizo saa za kina mama wanaochokoa pweza na wanaohudumia mwani. Wapiga mbizi wakija saa hizo, watakanyaga kamba za mwani na kutibua maji katika mapango ya pweza. Wakija katika maji mafu na maji yakiwa yamejaa, kila mmoja atapata riziki yake bila kumgusa mwenzake. Ugomvi wa ufukweni unaozungumzwa vijijini waweza kupungua sana kwa kutazama mwezi tu.

Mwanafunzi akishaizoea pumzi yake, ndipo boti inapokuwa na maana. Ni kweli kwamba matumbawe mazuri hayafikiki kwa miguu. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 822, na sehemu zake zinazosifiwa zinahitaji chombo. Boti humwondolea mwanafunzi safari ya kubeba mzigo, humfikisha moja kwa moja juu ya mwamba, na humpokea alipoibukia. Ndani ya Ghuba ya Chole, inayokingwa na visiwa vya Juani na Jibondo, kuna miamba tulivu inayomfaa anayeanza.

Lakini boti humnyang'anya mwanafunzi kitu kimoja: ardhi chini ya miguu. Hushuka kwa kujirusha kinyumenyume kutoka ubavuni, na papo hapo yuko juu ya maji asiyoweza kusimama. Kabla ya hapo huenda roho imekwisha kumchafuka kwa mawimbi, na mtu aliyechafukwa hufikiri polepole. Akiibuka mbali na chombo, anategemea nahodha amwone. Na katika mlango wa Kinasi, ambapo maji ya ghuba yote huingia na kutoka, mkondo una nguvu kuliko mwogeleaji yeyote. Maji yanapoingia humsukuma mtu ndani ya ghuba, nayo huwa maangavu kwa kuwa yametoka baharini. Yanapotoka humpeleka nje, bahari kuu. Manahodha wa hapa hulijua hilo tangu zamani, na ndiyo sababu anayeanza hapelekwi mlangoni maji yakitoka.

Wavuvi wana hesabu nzuri inayostahili kufundishwa pamoja na vifaa vya kisasa. Maji huchukua takriban saa 6 kutoka kujaa hadi kupwa, na mwendo wake haulingani. Saa ya kwanza na ya sita huenda taratibu. Saa ya tatu na ya nne pekee hubeba karibu nusu ya maji yote. Anayeanza ashushwe karibu na maji kusimama, asishushwe katikati.

Majira nayo yatazamwe. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo huichafua bahari ya nje, na mwanafunzi abaki ndani ya ghuba. Kaskazi inapotulia, miamba ya nje hufunguka, lakini hiyo ni zawadi ya aliyekwisha kuhitimu. Vilevile wale wanaotoka Kilindoni kati ya Oktoba na Machi kwenda kumwona papa potwe hawahitaji mtungi hata kidogo. Miwani, mrija na jaketi okozi vinatosha, na safari hizo zaweza kuwa somo jema la kushuka na kupanda chombo kwa kijana ambaye bado hajahitimu.

Mkazi anayempeleka mwanawe kwenye boti ya kuzamia ana haki ya kuuliza maswali kabla haijang'oa nanga. Je, chombo kimekaguliwa na kina leseni? Je, jaketi okozi zinatosha watu wote, na mtu mmoja anayejua kuendesha atabaki chomboni wenzake wakiwa chini? Je, ipo bendera ya kuonya vyombo vingine? Je, mtungi wa oksijeni ya huduma ya kwanza umo? Je, chombo kitafungwa kwenye boya, au kitaitupa nanga juu ya matumbawe?

Na swali la mwisho ndilo jepesi kuliko yote: nani anahesabu watu, nao wanaandikwa wapi? Mwaka 1998 huko Australia, boti iliyokuwa na wapiga mbizi wengi iliondoka kwenye mwamba na kuwaacha majini mume na mke, raia wa Marekani. Kutokuwapo kwao kuligunduliwa baada ya siku mbili, na miili yao haikupatikana kamwe. Bahari ilikuwa ileile, na vifaa vilikuwa vizuri. Kilichokosekana ni hesabu sahihi ya vichwa.

Liko jambo moja zaidi linalopaswa kusemwa waziwazi. Wapo wanaowaendea vijana na kuwapa mitungi bila mafunzo, wakiwaahidi fedha kwa kila jongoo bahari watakayemleta juu. Kuvua kwa kutumia mitungi ya kupumulia kumekatazwa na kanuni za uvuvi za nchi yetu. Lakini hata kama kusingekatazwa, kijana huyo hushushwa mara nyingi kwa siku, kina kirefu, bila kipimo cha muda, na kupandishwa haraka. Naitrojeni iliyoyeyuka katika damu yake hugeuka mapovu anapopanda. Katika nchi kadhaa za Bahari ya Hindi vijana wa kazi hiyo wamerudi nyumbani miguu imepooza. Mpiga mbizi aliyefunzwa hupanda polepole, husimama dakika 3 katika kina cha mita 5 kabla ya kuibuka, na baada ya siku ya kuzamia husubiri walau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Mwenye haraka ya jongoo hana muda wa lolote kati ya hayo.

Ikitokea mtu ameibuka akalalamika maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au kifua, alazwe chali, apewe oksijeni, na apelekwe Hospitali ya Wilaya Kilindoni bila kungoja kuona kama atapata nafuu. Asirudishwe majini kwa matumaini kwamba maji yatamponya. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Atakayemsindikiza amweleze mganga mambo matatu: alishuka kina gani, alikaa muda gani, alipanda vipi. Wengi huficha habari hizo kwa kuogopa sheria, na kuficha huko humnyima mgonjwa tiba inayofaa. Mganga kazi yake ni kutibu.

Ndugu wakazi, kazi ya kuongoza wapiga mbizi ni kazi halali na yenye heshima, na hakuna sababu ya kuiacha mikononi mwa watu wa mbali ilhali wenye bahari wapo. Kijana wa Mafia huingia katika kazi hiyo akiwa tayari anaijua mikondo, majira na tabia za samaki, elimu ambayo mwingine angeitafuta kwa miaka. Anachopungukiwa ni kujifunza upya namna ya kuvuta pumzi, na somo hilo huchukua siku chache tu katika maji ya kiuno, maji mafu yakijaa, mama yake akiweza kumwona kutoka pwani. Asionewe haya kwa kuanzia hapo. Boti haitamkimbia, nayo itamkuta yuko tayari.