Tumbaku Inatulisha, Nayo Inatuua

(Maneno tuliyowaambia wanachama katika mkutano wa Urambo)

 

Tumeombwa tuseme habari za sigara, na twajua tunazisema mahali pagumu. Mkoa huu wa Tabora ndio unaojulikana nchini kote kwa tumbaku. Mradi wa karanga wa Waingereza ulivunjika mwaka 1951, na baadaye Urambo ikawa nchi ya tumbaku. Ada za shule na mabati ya nyumba nyingi hapa yametoka katika jani hilo. Hatukuja kumtukana mkulima. Twasema tu kwamba kuuza tumbaku ni jambo moja, na kuivuta ni jambo jingine.

Wako wanaosema, "Babu yangu alivuta kiko akafika miaka 80." Hapana shaka wazee wa namna hiyo wako. Lakini mambo ya afya hayapimwi kwa babu mmoja. Hupimwa kwa watu wengi. Mwaka 1951 mabwana Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walianza kuchunguza madaktari wa nchi yao, wavutaji na wasiovuta, wakiandika nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Kazi hiyo ilikwenda miaka 50. Ikaonekana kwamba waliovuta maisha yao yote walikufa, kwa wastani, kama miaka 10 kabla ya wenzao wasiovuta. Na hao ni madaktari, wenye hospitali karibu! Ikiwa wao waliuawa na saratani ya mapafu na maradhi ya moyo, sisi tulio mbali na hospitali tutapona kwa nini?

Uchunguzi huo huo una habari njema pia. Aliyeacha akiwa na miaka 60 aliongeza kama miaka 3 ya kuishi. Aliyeacha na miaka 50, kama 6. Na aliyeacha na miaka 30 aliepuka karibu hasara yote. Basi mzee asiseme amekwisha chelewa, wala kijana asiseme bado ana nafasi.

Tupige hesabu kidogo. Mwenye kuvuta sigara 5 kwa siku huvuta 1,825 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Kila mtu azidishe kwa bei ya dukani kwake, kisha ajiulize fedha hizo zingenunua madaftari mangapi.

Tena moshi haumdhuru mvutaji peke yake. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawavuti kabisa. Wamevuta moshi wa wenzao. Mtoto anayelala chumba kimoja na baba mvutaji hana pa kukimbilia.

Hata shambani iko hatari. Sumu ya nikotini hupenya ngozi ya mtu anayechuma majani mabichi yenye maji, akashikwa na kizunguzungu na kutapika.

Kwa hiyo twaomba mambo manne.

Kwanza, mikutano yote ya matawi ifanywe bila sigara. Mwenye haja atoke nje, mbali na mlango.

Pili, mtoto asitumwe dukani kununua sigara, wala mwenye duka asimwuzie. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18.

Tatu, mkulima angoje umande ukauke kabla ya kuchuma, avae mikono mirefu na glavu, na watoto waende shule.

Nne, anayeacha asichekwe. Siku za kwanza atakuwa mkali na usingizi utampotea, kwa kuwa mwili unadai nikotini yake. Mkewe, jirani na wanachama wenzake wamvumilie, nayo yatapita.

Wazee wetu waliopata Uhuru mwaka 1961 walitaja maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Sigara humsaidia adui wa pili na wa tatu kwa pamoja, na sisi ndio tunaoilipia.

Katika mkutano ujao tutamwomba kila balozi wa nyumba kumi atuambie ni wangapi kwake wameacha, na wangapi wanataka msaada.