Mwandani wa Mzazi

Aghalabu mama mkwe au shangazi humfikisha mzazi mlangoni mwa wadi, kisha akabaki barazani na kikapu cha nguo na chupa ya chai, ilhali mwenye uchungu yu ndani miongoni mwa nyuso asizozijua. Je, kumzuia jamaa yule kuna faida gani? Suala hili, dogo kwa dhahiri yake, lilitahiniwa mkoani Kigoma baina ya Julai 2016 na Desemba 2018, katika vituo 9 vya Serikali, ambamo mzazi aliruhusiwa kuwa na mwandani, na asiyekuja na wake akapatiwa mtu wa jamii aliyekaa tayari kwa kazi hiyo.

Mwandani husugua kiuno, hunywesha maji, humwita mkunga mambo yakibadilika. Si anasa hata kidogo, kwa rai yangu. Katika vituo vile, zaidi ya wanawake 80 katika kila 100 walikuwa naye, na wale waliohofu kwamba atawashughulisha wakunga, naam, wajue kuwa wahudumu wenyewe walipohojiwa, wengi walikiri kuwa amewafaa wazazi.

Basi mja mzito na amuulize muuguzi wa kliniki mapema kama kituo chake chapokea mwandani, kwani wadi isiyo na pazia baina ya vitanda haiwezi kumkaribisha shangazi wa huyu bila ya kumvunjia sitara yule.