Cheti cha Biashara Kina Majina ya Nani?

(Mazungumzo ya afisa wa maendeleo na vikundi vya kina mama na vijana wa parokia)

 

Wengi wenu mmeniuliza habari ya kuandikisha jina la biashara, na karibu kila mmoja anauliza, "Ni pesa ngapi?" Pesa si nyingi. Swali la kuumiza kichwa ni hili: cheti kikitoka, kitakuwa na majina ya nani?

Sheria yenyewe ni ya zamani, ya mwaka 1951, Sura ya 499. Ukiuza maandazi kwa majina yako halisi, haikulazimishi kuandikisha. Lakini ukishaongeza neno juu ya jina lako, ukijiita Bekari ya Fulani, ama ukachagua jina lingine kabisa, basi unatakiwa uandikishe. Tena benki haitakufungulia akaunti kwa jina hilo bila cheti.

Sasa, watu wanachanganya karatasi. Kibali cha kaunti, kile kanjo wanauliza sokoni, si cheti cha jina. Cheti cha kikundi mlichopata kwa ofisi ya maendeleo ya jamii nacho ni kingine. Kina mama watatu wakitoka kwenye kikundi cha ishirini wakaanza biashara yao ya sabuni, wasijifiche nyuma ya cheti cha kikundi.

Niwaambie ya mama mmoja niliyemhudumia. Alioka mkate miaka mingi, yeye ndiye anakanda, yeye ndiye anauza. Wakati huo, kabla ya mambo ya eCitizen, watu wa mashambani walisafiri mpaka Sheria House, Nairobi. Mzee wake ndiye alikwenda, na akajiandika peke yake. Sidhani alikuwa na nia mbaya, aliyepanda basi ndiye aliyeandikwa! Mzee alipofariki, akaunti ikafungwa, na mashemeji wakaja na kile cheti mkononi wakisema bekari ni mali ya ndugu yao. Mama alibaki akitafuta mashahidi wa kusema kwamba unga alikuwa akinunua yeye. Tulitembea kwa chifu na kortini muda mrefu, na wateja hawakungoja.

Kwa hivyo wanaofanya kazi pamoja waandikwe wote. Cheti kimoja kinaweza kuwa na wenyewe zaidi ya mmoja. Kabla ya kwenda, kaeni chini mwandike, hata kwa kalamu kwenye daftari: nani ametoa shilingi ngapi, faida itagawanywa vipi, mtu akitoka ama akifa itakuwaje. Muweke sahihi mbele ya mashahidi. Mwenzenu akitoka, Msajili aarifiwe, la sivyo jina lake litaendelea kuwa pale.

Lakini mjue pia ubia una mzigo. Jina la biashara si kampuni, ndiyo maana huwezi kuweka neno Limited mwishoni. Deni la bekari ni deni lako wewe. Mwenzako akikopa unga kwa jina la biashara na kutoroka, mwenye duka atakuja kwa ng'ombe wako. Kama humwamini mtu na mfuko wako, usiandikwe naye.

Siku hizi kazi inafanywa kwa eCitizen, hata kwa simu, ama mnaenda Huduma Centre. Beba kitambulisho na PIN ya KRA. Andika majina kadhaa, si moja. Sisi waumini tunapenda Baraka, Neema na Upendo, na wenzetu wametutangulia kwa hayo yote! Ongezeni jina la kijiji ama la mto. Na yule kijana wa saiba asifungue akaunti yako kwa namba yake ya simu, maana kesho utataka kubadilisha kitu na ujumbe wa siri utaingia kwake. Malipo yaende kwa namba ya serikali, 222222, si kwa simu ya mtu.

Kijana mmoja ameniuliza kama cheti kitamzuia mwingine kupiga chapa jina lake kwenye paketi za unga. Hakitoshi. Hiyo ni alama ya biashara, nayo inaandikishwa KIPI kwa miaka 10, kisha unaifanya upya. Ni ghali zaidi, na kwa anayeanza naona ingoje kidogo. Lakini msidharau. Mwaka 2006 kampuni moja huko Uingereza iliomba neno Kikoy liwe alama yake, kikoi hiki cha kwetu pwani, mpaka Wakenya wakasimama kupinga.

Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili nitakuwa ukumbini. Mje na vitambulisho na lile daftari. Wabia waje wote pamoja, na aliye na mume aje naye.