Mchagueni Mtu wa Kuuliza

Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wenye maduka, wachuuzi wa soko na wenyeji wengine wa mji mmoja mdogo, juu ya uchaguzi wa wawakilishi wa wadi.



Nimeombwa niseme machache juu ya kura ambayo watu wengi huihesabu kuwa ndogo kuliko zote.

Siku ya uchaguzi mkuu, ambayo kwa Katiba ni Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti katika kila mwaka wa tano, mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mbunge, ya Mwakilishi wa Wanawake, na ya Mwakilishi wa Wadi. Watu hubishana usiku kucha juu ya karatasi ya kwanza, lakini ile ya sita huitia sandukuni kwa ajili ya ujamaa, au kwa ajili ya chai waliyonunuliwa jana. Yafaa tukumbuke kwamba taka zilizo nyuma ya soko, taa za barabarani, maji, machinjio, leseni ya duka na ushuru wa soko ni kazi za serikali ya kaunti. Na msemaji wenu katika Bunge la Kaunti ndiye huyo wa karatasi ya sita.

Kura hii haikupatikana kwa urahisi. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha mabaraza ya wenyeji mwaka 1924, mwenyekiti wa kila baraza alikuwa Bwana DC. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini si kila mtu aliyeruhusiwa. Mtu mwenye elimu au mali aliweza kupewa kura mbili au tatu, hali jirani yake hana hata moja. Mwaka 1963 kila mtu mzima alipata kura yake moja. Hata hivyo, mwaka 1988, katika mchujo wa chama cha KANU, watu walipangwa mistari nyuma ya wagombea hadharani, ambapo mdai, mwajiri na chifu waliweza kuona kila mtu amesimama wapi. Leo mnapiga kura kwa siri. Siri hiyo ni kinga yenu; msiiuze.

Jambo la kwanza ninalotaka mlifahamu ni hili: mji wenu hauna tena baraza lake lenyewe. Zamani nchi hii ilikuwa na mabaraza 175 ya serikali za mitaa, ya majiji, ya manispaa, ya miji na ya wilaya, na wenyeji walichagua madiwani. Mabaraza hayo yalikoma kwa uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, zilipoanza kaunti 47. Miji iliyopewa cheo cha manispaa ina bodi zake, lakini wajumbe wa bodi huteuliwa. Hawapigiwi kura na wenyeji. Kwa hiyo, mahali palipokuwa na madiwani kadhaa wa mji mmoja, pengine sasa pana mwakilishi mmoja tu, naye anasema kwa ajili ya mji na vijiji vinavyouzunguka. Mkikosea katika huyo mmoja, hamna wa pili.

Jambo la pili ni kazi yake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inamwagiza akae karibu na watu wake, asikilize maoni yao na kuyafikisha Bungeni. Tena inamkataza kushiriki katika kazi za utendaji. Maana yake, mwakilishi si mjenzi wa barabara wala si mwenye kasha la fedha. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha makadirio ya fedha, na kuuliza fedha zimekwenda wapi. Basi mgombea akisimama juu ya gari na kusema, "Nitawajengea soko kwa mkono wangu," ama haijui kazi anayoiomba, ama anaijua na anawadanganya.

Jambo la tatu ni zawadi. Tuna methali isemayo kwamba mkono mtupu haulambwi, na wapiga kura huitumia kama hati ya kudai. Sisemi haya kama mtu aliye safi. Katika mji niliolelewa, choo cha soko kilifungwa kufuli kwa kukosa maji, na mama zetu waliokuwa wakiuza mboga walilazimika kuomba ruhusa katika nyumba za watu. Wiki ya uchaguzi mgombea mmoja alileta lori la maji, akagawa na pesa kidogo. Choo kikafunguliwa, tukamshangilia, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopokea. Alipokwisha kushinda, lori halikurudi. Tulikwenda kwake watu saba kumwuliza. Alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Mna deni gani kwangu? Nilikwisha kuwalipa." Tulirudi kimya, kwa sababu hatukuwa na jibu.

Tufanye hesabu. Tuseme mchuuzi hulipa ushuru wa shilingi 30 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni shilingi 9,000 kwa mwaka, na 45,000 kwa miaka mitano. Wachuuzi 60 watakuwa wamelipa shilingi 2,700,000. Mtu aliyepokea shilingi 200 ili anyamaze ameuza haki ya kuuliza juu ya fedha zake mwenyewe, tena kwa bei ya ushuru wa wiki moja. Na ifahamike kwamba kwa sheria ya makosa ya uchaguzi, anayetoa rushwa na anayeipokea wote wana hatia.

Jambo la nne linawahusu ninyi mnaosema, "Mimi si wa hapa." Wengi hufanya biashara mjini, watoto wao husoma mjini, lakini wamejiandikisha kupiga kura huko walikozaliwa. Matokeo yake, mwenye kulipa ushuru hana kura hapa, na mgombea analijua jambo hilo vizuri. Ukitaka kusikilizwa mahali unapolipa, jiandikishe hapo, au uombe Tume ya Uchaguzi ikuhamishe kabla ya daftari kufungwa.

Mtaniuliza, basi tumchague nani? Mtazameni mtu aliyewahi kushika fedha za wengine, katika chama cha akiba, kanisani, msikitini au shuleni, akatoa hesabu bila kukasirika. Mwulizeni mbele ya watu: soko hili huleta kiasi gani kwa mwaka? Makadirio ya kaunti hupelekwa Bungeni lini? Ikiwa hajui, muulizeni tena baada ya wiki, mwone kama amekwenda kutafuta jibu. Msimwulize ukoo wake, kwa maana maji machafu hayachagui ukoo.

Na baada ya kumchagua, msiende kulala. Makadirio ya kaunti hupelekwa Bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kati ya siku hizo mbili ndipo panapoamuliwa kama choo cha soko kitapata maji. Katiba inaliagiza Bunge la Kaunti lifanye kazi zake waziwazi na kuwashirikisha wananchi. Chagueni watu wenu wawili au watatu waende, waandike yaliyosemwa, nao warudi kuwasomea ninyi hapa sokoni.

Wale watu saba tuliorudi kimya hatukukosa ujasiri. Tulikuwa tumekwisha kulipwa. Nawatakia ninyi siku ambayo mtakwenda kwa mwakilishi wenu mikono ikiwa mitupu na vichwa vikiwa juu, mkamwulize, naye alazimike kujibu.