Usipoziba Ufa wa Nyumba ya Bwana
(Neno la ofisi ya miradi katika semina ya wazee wa kanisa)



Wapendwa wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa, tunaanza kwa kukiri. Usharika mmoja ulituomba fedha kidogo za kubadilisha gata zilizotoboka. Tukajibu kwamba wafadhili hugharimia ujenzi, si matengenezo. Misimu miwili ya masika ikapita, maji yakachimba msingi, na ukuta wa upande wa madhabahu ukapasuka. Leo tunatafuta fedha za ukuta mzima.

Tuhesabu pamoja. Paa la mita za mraba 200 likinyeshewa milimita 10 tu, linamwaga lita 2,000. Bila gata, maji hayo yanabomoa. Yakiingia tangini, yanamwagilia miti ya kiwanja chetu.

Kwa hiyo tunaomba kila usharika utenge fungu la matengenezo katika bajeti yake. Kabla ya mvua, vijana wasafishe gata na kubomoa njia za mchwa ukutani. Nasi hatutapitisha andiko la ujenzi lisilo na mpango wa matunzo.

Wazee wetu walibeba mawe kichwani bila kumsubiri mfadhili. Sisi tusimsubiri ili tufagie.