Tumpelekee Swali, Siyo Bakuli

Hotuba kwa wanavikundi wa Tassia, Nairobi



Akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni, karibuni. Tunajua ni Jumapili na wengine hamjala, kwa hiyo hatutawaweka sana. Maneno haya yatachapishwa pia katika gazeti letu dogo ili ndugu zetu wa vikundi vya vijijini wayasome. Basi nanyi mlio mbali, kila tunapotaja Tassia, wekeni jina la kijiji chenu. Sheria tutakayoizungumza ni moja kwa kaunti zote 47.

Tuanze na swali. Mara ya mwisho kikundi chenu kilipomwendea mwakilishi wa wadi, yule tuliyezoea kumwita MCA, mlimpelekea nini? Tumeuliza hivyo katika vikundi kadhaa. Majibu ni yale yale: turubai la matanga, viti, nauli ya kwaya, mchango wa harambee. Hakuna aliyetuambia, "Tulimpelekea swali la kuiuliza serikali." Hatuwacheki. Hata sisi wafanyakazi wa kanisa tumewahi kuandika barua za kuomba michango.

KAZI ALIYOPEWA

Sasa sikizeni. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, sehemu ya 9, inamtaka mwakilishi awe karibu na wananchi, asikilize maoni yao na kuyafikisha katika bunge la kaunti. Halafu inasema jambo ambalo wengi wetu hatulijui: asijiingize katika kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti. Yaani kuziba mfereji uliopasuka si kazi yake. Kuuliza kwa nini haujazibwa ndiyo kazi yake.

Katiba ya 2010, kifungu cha 185, inalipa bunge la kaunti uwezo wa kuisimamia serikali ya kaunti. Kifungu cha 195 kinalipa uwezo wa kumwita mtu yeyote aje kutoa ushahidi, kama Mahakama Kuu inavyoweza. Hizo si nguvu ndogo, ndugu zangu. Lakini mwenye nguvu hizo tukimfuata kwa ajili ya turubai, tunamgeuza kuwa tajiri wa kijiji. Na aliyekula cha mtu, mdomo wake huwa mzito. Kesho tutamuulizaje habari za taa za barabarani, na juzi alitusaidia kuzika?

ZAMANI NA SASA

Wazee wetu wanakumbuka kwamba kuuliza kulikuwa na gharama. Oktoba 1975, Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alisema Bungeni kwamba kuna watu wanataka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Jean-Marie Seroney, Naibu wa Spika, hakumtaka alete ushahidi. Aliliona jambo hilo kuwa wazi. Wote wawili walikamatwa, wakawekwa kizuizini hadi 1978.

Siku hizo waziri alikuwa pia mbunge, alikaa mle mle akaulizwa ana kwa ana. Chini ya Katiba ya 2010 mambo yalibadilika. Mawaziri si wabunge tena, na wale tunaowaita mawaziri wa kaunti si wajumbe wa bunge la kaunti. Kwa hiyo swali lina safari. Mwakilishi anasimama kikaoni na kuomba taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa kamati inayohusika. Kamati inaitaka idara ijibu. Jibu linaletwa kikaoni. Hapo katikati swali laweza kupotea njiani, hasa likiwa halina mwenyewe wa kulifuatilia.

YALIYOTUPATA SISI

Tassia yetu imewahi kuulizwa habari zake mbele ya wakubwa. Mtakumbuka mradi wa barabara na mifereji wa Tassia II, chini ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF. Mkataba wake ulikuwa wa zaidi ya shilingi bilioni 5. Baadhi ya wajumbe wa bodi ya hazina, akiwemo Francis Atwoli wa COTU, waliupinga hadharani, na mwaka 2014 kamati ya Bunge la Taifa ikawaita wahusika na kuwahoji. Swali kubwa lilikuwa la bei na la jinsi zabuni ilivyopitishwa. Hilo lilikuwa swali la haki, maana pesa zile ni za wafanyakazi, jasho la uzee wao.

Lakini mpangaji wa Tassia alikuwa na swali lake jingine: majitaka yataacha lini kupita mlangoni kwangu? Swali hilo hakuna wa kumsaidia kuliuliza kama yeye mwenyewe halileti.

Kisha tarehe 6 Desemba 2019 jumba la ghorofa likaanguka hapa hapa Tassia, watu wakafa chini ya kifusi. Miaka mitatu kabla yake, Aprili 2016, lilikuwa limeanguka lile la Huruma, na huko walikufa makumi ya watu. Kila mara, baada ya mazishi, maswali huwa mengi: Nani aliidhinisha ramani? Nani alikagua? Tunawaambia kwa uchungu, swali moja linaloulizwa wakati ukuta una ufa lina thamani kuliko maswali mia yanayoulizwa juu ya kifusi.

DAFTARI LA AKINA MAMA

Tuwasimulie kosa letu wenyewe. Katika mtaa mmoja wa Eastlands tuliofanya kazi zamani, mfereji wa majitaka ulipasuka kando ya ploti zenye watoto wengi. Tulimwendea mwakilishi tukiwa watu wengi na kelele nyingi. Akauliza. Jibu likaja: kazi imekwisha kufanyika. Tukabaki midomo wazi, kwa sababu hatukuwa tumeandika lolote. Tuliwafundisha watu kulalamika, hatukuwafundisha kuweka kumbukumbu.

Mara ya pili kikundi cha akina mama kilinunua daftari la shule. Kila jioni mmoja wao aliandika tarehe, mahali, majitaka yamefika wapi, na watoto wangapi wameendesha. Jibu la idara likaja tena, safari hii likitaja siku ambayo mfereji ulizibwa. Mama mmoja akafungua daftari. Siku ile ile majitaka yalikuwa yamefika kwenye kizingiti chake! Mwakilishi akairudisha habari hiyo kwenye kamati, na baada ya majuma machache mafundi walikuja. Hatusemi shida iliisha kabisa. Mabomba yale yamezeeka. Lakini tangu hapo majibu yalianza kuja na tarehe na jina la fundi mkuu.

TUBISHE MLANGO UPI?

Katika mafunzo yetu tunatumia njia ya Ona, Amua, Tenda. Tuitumie hapa.

Ona. Andikeni mnachokiona, siyo mnachokisikia. Tarehe, ploti, idadi ya nyumba, siku ngapi bila maji, mtungi wa lita 20 unauzwa pesa ngapi. Kama ni ufa katika jumba, piga picha leo na tena juma lijalo.

Amua. Jambo hili ni la nani? Maji na majitaka, takataka, taa za mitaani, zahanati, masoko, chekechea na uidhinishaji wa majengo ni mambo ya kaunti. Hayo ni ya mwakilishi wa wadi. Polisi, shule za msingi na sekondari, na NSSF ni ya serikali ya kitaifa. Hayo mpeleke kwa mbunge. Barabara zina wenyewe tofauti: Outer Ring ilijengwa na KURA, ambayo ni ya serikali ya kitaifa, lakini vichochoro vyetu vya ndani ni habari nyingine. Seneta naye huuliza jinsi pesa zilizotumwa kaunti zilivyotumika. Ukibisha mlango usiofaa, utaambiwa tu, "Hilo si letu," na utakuwa umepoteza mwezi.

Tenda. Andikeni swali moja fupi lenye kudai jibu la tarehe na pesa. Usiseme, "Serikali itatusaidia lini?" Sema, "Mfereji wa barabara fulani umetengewa pesa ngapi katika bajeti ya mwaka huu, nani amepewa kazi, na itaisha lini?" Liwekwe sahihi na wanakikundi, mbaki na nakala. Chagueni watu wawili wa kufuatilia. Vikao vya bunge la kaunti ni vya wazi. Hapa kwetu nendeni City Hall mkakae, mheshimiwa awaone.

Angalieni pia majira. Mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Swali la mfereji likiulizwa Julai, pesa zimekwisha kugawanywa.

Na kama mwakilishi hataki kuuliza, labda kwa kuwaogopa wakubwa wa chama chake? Msikate tamaa. Sehemu ya 15 ya sheria ile ile inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi lake moja kwa moja katika bunge la kaunti. Tena Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21, na jambo likihusu uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Jumba lenye ufa linahusu uhai wa watu.

Tumalizie na Kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Binti watano wa Selofehadi walikuwa yatima bila kaka, na desturi iliwanyima shamba la baba yao. Hawakwenda kumwomba Musa chakula. Walisimama mbele ya Musa, kuhani na wakuu wote, mlangoni pa hema, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe. Musa alilipeleka swali lao kwa Mungu, naye Mungu akasema wamesema haki. Sheria ikabadilika, si kwao tu, bali kwa wote waliokuja baada yao.

Ndugu zangu, turubai la matanga tunaweza kulinunua wenyewe kwa shilingi zetu za chama. Huo ndio moyo wa kujisaidia. Lakini mfereji, taa na ukaguzi wa majengo hatuwezi kujinunulia. Tumekwisha kuvilipia kwa kodi. Hivyo tuviulizie.

 

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Mwaka huu tumemwomba mwakilishi wetu nini? Lipi kati ya hayo tungeweza kujifanyia wenyewe?

2. Ni jambo gani moja hapa kwetu linalohatarisha uhai wa watu sasa? Ni la kaunti au la serikali ya kitaifa?

3. Nani atanunua daftari, nani ataandika, na tutakutana siku gani kulisoma?