Safari ya Meli Huanzia Langoni Ngong

Hotuba kwa wakazi wa Ngong na viunga vyake kuhusu kupanga safari ya kwanza ya meli kwa msafiri mwenye ulemavu wa kutembea



Mazungumzo ya leo ni juu ya jambo ambalo wengi hulitaja kwa kicheko, kisha hunyamaza. Mkazi wa Ngong, huku juu kwenye baridi na mbali na bahari, asiyeweza kutembea vizuri, anataka kupanda meli ya watalii. Aanzie wapi?

Chukueni mfano wa mwalimu mstaafu wa Matasia. Ni mfano tu, lakini kila mmoja hapa anamjua mtu wa namna hiyo. Kiharusi kilimwachia mguu wa kushoto ulio dhaifu. Ndani ya nyumba anatembea na mkongojo, nje anasukumwa kwenye kiti. Pesa zake ni za chama, zimekusanywa miaka mitatu. Mwanawe anamwambia, "Mama, hizo si uongeze rumu moja ya kukodisha?" Naye anajibu kwamba amefundisha jiografia maisha yake yote, na bahari ameiona zaidi kwenye ramani ya ukutani kuliko kwa macho.

Mama huyu hana pesa za kujaribu mara mbili. Akilipa, akafika, kisha akaambiwa mlangoni kwamba kiti chake hakipiti, chama kimeenda na maji. Na nyumbani watasema, "Si tulikwambia?" Kauli hiyo itamfungia ndani kuliko ule mguu.

Basi swali la kwanza la kumuuliza wakala si bei. Ni hili: meli napandia wapi, na nashukia wapi? Bandari ya Mombasa ina jengo la abiria wa meli za watalii pale Kilindini, na meli hizo hufika zaidi msimu wa kaskazi, kabla kusi haijachafua bahari. Lakini nyingi zinazotia nanga Mombasa huja na abiria wao waliopandia kwingine, huzunguka siku moja au mbili, zikaondoka. Kwa hiyo huenda Mkenya akalazimika kuifuata meli ilipo. Durban, Afrika Kusini, ni mfano wa karibu. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia nchi hiyo bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka, ila kadi ya chanjo ya homa ya manjano lazima awe nayo. Kutoka Durban, wakati wa kiangazi cha kule, meli hupanda pwani ya Msumbiji.

Hapa ndipo penye mtego ambao brosha haziusemi kwa sauti. Si kila mahali meli inakofika inafunga gatini. Mahali pengine hutia nanga mbali, na abiria hushushwa kwa boti ndogo hadi ufukweni. Portuguese Island, karibu na Maputo, ni mahali pa namna hiyo. Msafiri anashuka kutoka meli inayoyumba kuingia boti inayoyumba, kisha anateremkia mchangani. Kampuni nyingi haziruhusu mtu kubebwa juu ya kiti chake kuvuka pengo hilo. Zinataka aweze kupiga hatua chache mwenyewe, na hata hapo nahodha anaweza kukataa asubuhi hiyo kwa sababu ya mawimbi. Mwalimu wetu akilijua hilo mapema, anaweza kubaki melini na chai yake, akautazama ufuo kwa raha. Asipolijua, na ufuo ndio aliolipia, siku imeharibika. Kwa hiyo aulize kwa kila kituo, kimoja kimoja: gatini au boti?

Swali la pili ni chumba, na hapa afadhali kukawia kidogo.

Vyumba vilivyotengenezwa kwa watumiaji wa viti vya magurudumu ni vichache katika kila meli, na huisha kabla ya vingine. Kupanga mwaka mzima mbele si haraka kupita kiasi. Chumba cha kawaida kina mlango mwembamba na kizingiti cha bafu kinachoinuka, maana maji yasimwagike meli ikiinama. Kiti cha mtu mzima mara nyingi kina upana wa sentimita 60 na kitu, kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi ukingo wa nje wa lingine. Watu wengi hupima mahali pa kukalia, wakakosea. Azima tepu ya fundi. Pima upana huo wa nje, urefu pamoja na vikanyagio, na kimo. Kipime uzito pia, hata kwenye mizani ya posho mill ikibidi. Kama kiti ni cha umeme, andika aina ya betri, kwa kuwa ndege zina masharti yake, na meli zina yake: kiti hicho sharti kilale chumbani, hakiachwi koridoni kikaziba njia.

Vipimo hivyo viandikwe kwenye baruapepe, si kusemwa kwa simu. Kwa simu jibu litakuwa "hakuna shida." Wakenya ni watu wakarimu, na "hakuna shida" ni neno la ukarimu, lakini halina sentimita ndani yake. Aliyelitamka hajaiona meli. Anachohitaji msafiri ni jibu lililoandikwa: upana wa mlango wa chumba, upana wa mlango wa bafu, kama kuna kizingiti, kama kuna kiti cha kuogea na vyuma vya kushika, na mwinuko wa njia ya kupandia melini. Wakala akichelewa kujibu, achelewe. Malipo ya awali nayo yachelewe.

Je, sheria inasema nini? Ya hapa nyumbani inajulikana. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kufikia mahali, usafiri wa umma na habari. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husaidia ndani ya Kenya, na asiyejiandikisha anahimizwa afanye hivyo. Baharini mambo hutegemea mahali. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka wa 2005, katika kesi ya Spector dhidi ya Norwegian Cruise Line, kwamba sheria ya nchi hiyo ya watu wenye ulemavu inazigusa hata meli zenye bendera ya kigeni zikiwa katika maji yake. Wanaopandia bandari za Umoja wa Ulaya wana Kanuni namba 1177 ya 2010: kampuni haiwezi kumkataa mtu kwa ulemavu wake isipokuwa kwa sababu za usalama au za muundo wa meli au bandari, na akitaka sababu kwa maandishi, sharti apewe ndani ya siku tano za kazi. Kanuni hiyo haimfuati mama yetu hadi Durban. Lakini tabia ya kudai sababu kwa maandishi haina mpaka.

Kabla ya safari kubwa, fanya ndogo. Mombasa inatosha kuwa mtihani. Treni ya Madaraka, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, hukatiwa tiketi kwa *639#, na msaada wa kiti uombwe mapema, si mlangoni. Kutoka Ngong, matatu za 111 zina ngazi ndefu na utingo mwenye haraka, na zinaelekea mjini. Kwa siku hiyo moja, gari la kukodi kupitia Southern Bypass hadi Syokimau halihesabiwi kuwa anasa. Walio Kitengela wana stesheni ya Athi River karibu, ila wachague treni inayosimama njiani, maana ile ya moja kwa moja itawapita. Ukifika Miritini, bado kuna mwendo wa gari hadi mjini.

Kisha nenda Likoni. Kivuko hakimtozi anayevuka kwa miguu, wala aliye kwenye kiti. Angalia maji kwanza. Yakiwa yamejaa, mteremko wa kuingilia ni mpole. Yakipwa, hasa siku za bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu, mteremko unakuwa mkali na kiti kinataka mtu mwenye nguvu nyuma yake, kikishuka kinyumenyume. Wapwani watakwambia saa nzuri ukiwauliza. Katika dakika hizo chache za kuvuka utajifunza mengi: kama breki zinashika sakafu ikitikisika, kama kichwa kinastahimili, kama msaidizi uliyemchagua ana subira au ana maneno mengi. Ukiwa na nafasi ya kurudi kaskazini mwa mji, pita Bombolulu, karakana za watu wenye ulemavu zilizoanzishwa mwaka wa 1969. Utanunua zawadi, na huenda ukapata wa kuzungumza naye kuhusu magurudumu na chumvi. Chumvi ni adui wa beringi. Kiti kifutwe kwa maji baridi kila jioni, na tyubu ya akiba isikose mkobani.

Mengine ni mepesi kusema. Dawa ziende kwenye begi la mkononi, na barua ya daktari ya Kiingereza iende nazo. Bima ya safari isomwe hadi sehemu ya maradhi ya zamani. Na meli ikiwa inaondoka, hudhuria zoezi la usalama hata kama umechoka. Baada ya Costa Concordia kupinduka Italia mwaka wa 2012 na kuua watu 32, sheria ya kimataifa ilibadilishwa, na tangu 2015 abiria lazima wafundishwe kabla ya kuondoka au papo hapo baada yake. Wakati wa hatari lifti hazitumiki. Uliza siku ya kwanza nani atakuteremsha kwenye ngazi, na kwa kiti gani.

Wengi wenu mtasema sehemu ngumu kuliko zote haijatajwa: kutoka mlangoni hadi stegi, kwenye kokoto, mitaro isiyofunikwa na bodaboda zilizoegeshwa njiani. Ni kweli, na hapana haja ya kuipamba. Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti ndipo mahali pa kulisema hilo, na linasikika zaidi likisemwa kwa vipimo: mtaro fulani, mbele ya duka fulani, upana kadhaa, kina kadhaa. Tepu ileile ya fundi itatosha.

Mwalimu wa Matasia bado hajalipa. Ametuma vipimo na maswali yake, anangoja. Jibu likifika, lichapishwe nakala mbili: moja iende kwenye mkoba pamoja na pasipoti, nyingine apewe yule mwanawe wa rumu ya kukodisha.